Mtetemo wa Kiti cha Nyuma

Mwanzoni kinyozi alidhani ni mikono yake. Tangu mkewe apakiwe kwenye gari la wagonjwa, mikono ilikuwa haimtii sawasawa. Asubuhi ile ilikuwa imemwaga chai kwenye sahani na kuhangaika na ufunguo mlangoni kama mikono ya mlevi. Kwa hiyo yeye na mama mkwe walipotoka mjini, gari likashika mwendo na usukani ukaanza kumtetemekea viganjani, hakulilaumu gari. Alijilaumu mwenyewe. Mtu ambaye riziki yake ni kupitisha wembe kwenye shingo za watu hapaswi kuwa na mikono ya namna hii, alijiambia, akaukaza usukani kama anayemzuia mbuzi asikate kamba.

Aliondoa mguu kwenye mafuta. Mtetemo ukafifia. Akakanyaga tena, mshale wa mwendo ukapanda, na ulipofika palepale pa mwanzo usukani ukaanza upya. Akajua mikono haikuwa na kosa. Lakini hilo halikumpa nafuu yoyote. Mikono yake angeweza kuituliza kwa namna fulani. Gari hakulijua. Alikuwa nalo tangu mwaka uliopita, na ujuzi wake ulikomea kwenye kutia mafuta na kufuta vioo.

Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma, upande wa kushoto. Kiti cha mbele alikuwa amekikataa kwa upole kabla hata hajakaribishwa. Akaweka hapo mkoba wa nguo za mtoto na chupa ya uji, yeye akaenda nyuma na kufunga mlango taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Ndivyo walivyokuwa siku zote, yeye na mkwewe. Shikamoo mama, marahaba baba, habari za nyumbani, nzuri. Baina yao adabu ilikuwa nene kama blanketi, na kila mmoja alijifunika upande wake. Sokoni watu walimwita Mama Mayai, kwa kuwa alikuwa ameuza mayai tangu binti yake hajazaliwa, na walisema ana mdomo unaoweza kumuuzia kuku yai lake mwenyewe. Kinyozi hakuwahi kuuona mdomo huo. Kwake alikuwa mama wa maneno machache na macho ya chini.

Siku hiyo walikuwa na sababu ya kunyamaza. Mkewe alikuwa amelazwa hospitali kubwa, mbali, kwa shinikizo la damu lililompanda ghafla mimba ikiwa haijatimiza miezi yake. Madaktari walikuwa wameamua kumtoa mtoto kwa kisu alasiri ya siku hiyo. Walisisitiza kwamba mama asishtuliwe, asihuzunishwe, asipelekewe habari yoyote mbaya. Naye kwenye simu alikuwa amesema kwa sauti ya mzaha kwamba bila mama yake haingii chumba cha upasuaji hata wamburute. Kinyozi alikuwa amelala na mke huyo miaka ya kutosha kujua mzaha wake unaanzia wapi na unaishia wapi. Haukuwa mzaha.

Basi aliendesha huku akitafuta mwenyewe, kimoyomoyo, mtetemo ule umetoka wapi. Jibu lilimjia akiwa anampisha mwendesha baiskeli. Siku ile mkewe anachukuliwa, yeye alikuwa amelifuata lile gari la wagonjwa, macho yameganda kwenye taa zake nyekundu, akawa haoni kingine chochote duniani. Ukingoni mwa barabara kulikuwa na shimo. Gurudumu la mbele la kushoto liliingia, kisha la nyuma, na kila moja lilitoa mlio kama wa mchi uliodondoka sakafuni. Hakusimama. Angesimamaje? Na aliporudi kumchukua mama mkwe alirudi na mvua, akijikokota nyuma ya malori kutwa nzima, mwendo wa maiti, hivyo gari halikupata nafasi ya kumwambia lina nini.

Sasa lilikuwa linamwambia.

Alipoona banda la bati lenye matairi makuukuu yaliyopangwa mbele yake, aliingia bila kufikiri sana. Alimwambia mama mkwe kwamba wanasimama kidogo kutazama upepo wa matairi. Mama mkwe alisema sawa. Hakuuliza kitu, ila alishuka haraka kuliko alivyotarajia mkwewe, akaenda kusimama mbali kidogo na gari, mkono umeshika kiuno.

Mziba pancha wa pale alikuwa mtu mnene mwenye pumzi fupi, na majirani zake walimwita Upepo, ambao ndio aliopungukiwa. Alimuuliza kinyozi mtetemo anausikia wapi. Kinyozi akasema kwenye usukani. Upepo akasema basi ni magurudumu ya mbele, akapiga magoti mbele ya lile la kushoto kwa mguno. Nati zote zilikuwa zimekaza. Tairi lilikuwa na upepo pungufu, akaujaza. Kisha akaingiza mkono nyuma ya rimu, na ukatoka na bonge la udongo mkavu, likafuatwa na jingine. Ulikuwa udongo wa shimo lile, mwekundu, umeganda upande mmoja kama keki. Akaukwangua wote kwa bisibisi. Chini yake palionekana alama nyeupe ya mstatili, mahali palipokuwa pamebandikwa kipande cha risasi cha kusawazisha gurudumu. Kipande chenyewe hakikuwepo.

Upepo alimweleza kwamba gurudumu lenye uzito upande mmoja likizunguka kwa kasi ni sawa na mtu anayecheza ngoma ana jiwe kwenye mfuko mmoja: polepole hutamjua, muziki ukichanganya utamwona anapepesuka. Udongo ameutoa, lakini kipande cha risasi hana, wala mashine ya balansi hana. Mji unaofuata kuna gereji yenye mashine. Kabla hawajaondoka aliyapiga teke matairi ya nyuma, moja baada ya jingine, akayatazama kwa nje, akasema hayo ni salama.

Simu ya kinyozi ililia akiwa anawasha gari. Mkewe. Alitaka kujua wamefika wapi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea amefumba macho. Kinyozi akasema wamekaribia. Mkewe akasema wauguzi wameanza kumwandaa mapema, daktari ana wagonjwa wengi, huenda wasisubiri alasiri. Kinyozi akarudia kwamba wamekaribia, na kwenye kioo akaona nusu ya uso wa mama mkwe ikimtazama. Walikuwa hawajafika hata nusu ya njia.

Aliondoka kwa kasi. Usukani ulikuwa umetulia. Aliupitisha mshale pale mahali palipokuwa pa hatari, akangoja, na viganjani hakukuja kitu zaidi ya msisimko mdogo kama wa mashine ya kunyolea iliyoshikwa vizuri. Alishusha pumzi. Kumbe udongo tu, aliwaza, udongo tu ndio ulionitoa roho. Kwa muda akajiruhusu kufikiria mambo mengine: mtoto atakuwa na ukubwa gani, lile blanketi la njano ameliweka mkobani au amelisahau, mkewe akiamka ataanza kumuuliza nini.

Alipotazama kioo tena aliona mama mkwe amekishika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono yote miwili. Midomo ameibana, miguu ameiinua kidogo kutoka sakafuni kama mtu anayepita kwenye maji. Akamuuliza kama anajisikia vibaya. Akajibiwa kwamba yu mzima, aendeshe tu. Kinyozi akadhani anamfikiria binti yake. Nani asingemfikiria.

Barabara ilinyooka, na mwendo ukaongezeka. Ndipo na yeye akaanza kusikia kitu, si mikononi, bali chini ya kiuno, mvumo mzito uliokuwa ukija na kuondoka, kama lori linalopita nje ya nyumba. Hakukuwa na lori. Chupa ya maji iliyokuwa kwenye mfuko wa mlango wa nyuma ilikuwa inagonga-gonga, tik tik tik. Alisikia, na akaamua hajasikia. Upepo alikuwa amesema matairi ya nyuma ni salama. Mke anaandaliwa. Mbele yao barabara ilianza kuteremka, mteremko mrefu wenye kona chini, na gari lilipoanza kujiongezea mwendo lenyewe ule mvumo ukawa mtikisiko kamili.

"Baba," mama mkwe alisema. "Simamisha gari."

"Mama, tumeshachelewa."

"Najua. Simamisha."

Hakuwa amepaza sauti. Lakini kinyozi hakuwahi kupewa amri na mama huyo, na mguu ulikwenda kwenye breki kabla ya akili kutoa ruhusa. Alitoka barabarani taratibu, akasimama kwenye changarawe. Malori mawili yaliyokuwa nyuma yalipita yakipiga honi, na gari likayumba kwa upepo wao.

Mama mkwe alishuka, akaja hadi kwenye dirisha la dereva. Alitazama pembeni alipoanza kusema. Alisema fundi aliulizia usukani kwa kuwa aliyekuwa anaulizwa ni mshika usukani. Yeye hakuulizwa. Angeulizwa angesema kwamba tangu wametoka nyumbani kuna mitetemo miwili: mmoja wa huko mbele, ambao umekwisha, na mwingine wa huku nyuma, na huu wa nyuma unakua.

"Nausikia hapa," alisema, akapapasa hewa nyuma yake, akatafuta neno. "Hapa ninapokalia. Unisamehe, baba, sina namna nyingine ya kusema."

Kinyozi alisema hakuna cha kusamehe. Katika hali nyingine wote wawili wangekufa kwa aibu.

Mama mkwe akaendelea. Miaka yote ya biashara yake amesafiri na trei za mayai kwenye magari ya kila aina, na trei zikipangwa nyuma ndizo zinazojua gari lina afya gani. Kisha, kwa sauti ileile ya kawaida, akamwambia jambo ambalo mke wa kinyozi hakuwahi kumwambia, labda kwa kuwa na yeye hakulijua lote. Baba mkwe, yule mzee aliyetembelea mkongojo hadi anazikwa, hakuanguka kwenye ngazi kama watoto walivyoambiwa. Alikuwa anaendesha pikapu, wana mzigo wa mayai, gari likaanza kutetemeka nyuma. Yeye mama alimwambia asimame. Akamwambia mara ya pili. Mzee akamuuliza dereva ni nani kati yao. Tairi lilipasuka kwenye mteremko.

"Niliapa tangu siku ile sitamfundisha dereva kazi yake," alisema. "Nilisema mara mbili, nikajibiwa mara moja, ikatosha. Leo nimekaa huko nyuma nimeuma ulimi tangu asubuhi. Lakini mtoto ni wangu, na mume ni wa mtoto wangu."

Kinyozi alishuka, akazunguka hadi kwenye gurudumu la nyuma la kushoto. Akachuchumaa. Tairi lilikuwa tairi. Jeusi, la duara, lenye vumbi. Alilishika, likawa na joto kuliko alivyodhani, lakini joto la tairi la kawaida ni kiasi gani? Hakuna aliyewahi kumwambia. Akampigia mkewe simu. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Hali kadhalika. Hapo hofu ikagawanyika pande mbili na kumvuta kama kitambaa kinachopimwa nguvu: upande mmoja mke asiyepokea simu, upande mwingine duara jeusi lisilosema lina nini. Akamwambia mama mkwe kwamba pengine waendelee tu, kwa kuwa tairi linaonekana zima na hospitali haipo mbali sana tena.

"Mimi sikatai kufika," mama mkwe alisema. "Nakataa kutofika."

Kinyozi akawasha taa za tahadhari. Waliuteremka ule mteremko kwa mwendo wa mtu anayebeba beseni la maji kichwani, wakijibana ukingoni, na kila gari lililowapita liliwatukana kwa honi. Kinyozi hakujali. Alikuwa anasikiliza. Kila jiwe lililogonga chini ya gari lilimfanya akaze mabega. Mara tatu alihisi tairi limekwenda, na mara tatu halikuwa limekwenda. Mama mkwe huko nyuma alikuwa anahesabu kitu kwa midomo, na alipoulizwa kama mtikisiko umezidi, alijibu neno moja moja: bado, bado, kidogo, bado.

Gereji ilikuwa mwanzoni mwa mji, yadi ya saruji iliyolowa mafuta, na ndani ya banda kulikuwa na ile mashine ya balansi iliyofunikwa turubai. Fundi mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, ovaroli imefungwa mikono yake kiunoni, wenzake wakimwita Shangazi. Kinyozi alianza kueleza, akakwama katikati, akasema ni bora aulizwe mama, yeye ndiye aliyekaa na huo mtetemo.

Shangazi akamuuliza mama. Je, dereva akikanyaga breki, mtetemo unabadilika? Haubadiliki. Akiachia mafuta gari likawa linajiendea tu, unakoma? Hapana, unafuata mwendo, si mafuta. Ulianza mkiwa kasi tu, na sasa mnausikia hata polepole? Mama mkwe alifikiri, akasema ndiyo. Walipoingia hapa yadini, mwendo wa kutembea, aliliona gari linachechemea. Shangazi akatikisa kichwa taratibu. Akasema basi breki zisamehewe na injini isamehewe. Kinachotikisika kwa kasi pekee mara nyingi ni balansi, lakini kinachochechemea hata polepole si suala la uzito, ni umbo. Kuna kitu si duara tena.

Alipandisha nyuma ya gari kwa jeki, akaegesha ncha ya bisibisi karibu kabisa na uso wa tairi, akalizungusha gurudumu kwa mkono mwingine. Kinyozi alichuchumaa kando yake. Mwanya kati ya bisibisi na mpira ulikuwa mwembamba kama unene wa shilingi, ukazunguka hivyo, ukazunguka, kisha ghafla tairi likaigusa bisibisi na kutoa mkwaruzo. Likazunguka. Likagusa tena palepale. Shangazi akalisimamisha, akaingiza mkono upande wa ndani, ule usioonekana mtu akiwa amesimama nje, na mkono wake ukaenda polepole hadi ukagota.

Alimwomba kinyozi naye apeleke mkono. Kulikuwa na uvimbe, wa mviringo, moto, laini kuliko sehemu nyingine, kama jipu linalokaribia kuiva.

"Kama yai la kuku," Shangazi alisema.

Mama mkwe akainama, akapapasa. "La bata," alisema.

Fundi mmoja alicheka, akaacha alipoona wengine hawacheki. Gurudumu likatolewa, tairi likavuliwa kwenye rimu, na Shangazi akaligeuza ndani nje kwenye mwanga. Pale shimo lilipolipiga, nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira zilikuwa zimekatika, mstari mzima, na ncha zake zimejichomoza kama nywele zilizonyolewa vibaya. Kilichokuwa kimezuia upepo kutoka ni ngozi nyembamba ya nje. Shangazi alisema tairi la namna hii linatafuta tu mahali pa kupasukia, na mahali linapopapenda ni penye joto, mzigo na kasi. Mteremkoni, kwa mfano. Alisema bila kukuza mambo, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Kinyozi alitafuta kitu cha kukalia, akapata ndoo iliyofudikizwa. Mikono ilikuwa imeanza tena kutetemeka. Safari hii hakuwa na la kulaumu isipokuwa mwenyewe, na alikaa hivyo akiitazama inavyocheza. Mama mkwe alisimama pembeni yake. Hakumgusa, maana hilo lisingewezekana, lakini alisogea hadi kivuli chake kikamkinga na jua.

Tairi la akiba lilikuwa zee lakini zima, likafungwa nyuma. Kinyozi akauliza kama wanaweza kuondoka. Shangazi akajibu kwamba wanaweza, wakienda kwa adabu. Ila rimu ya mbele nayo ilipinda kidogo na ilipoteza risasi yake, na akipewa muda kidogo ataigonga na kuipiga balansi, ili dereva asiwe na usukani unaomtetemekea akiwa tayari ana mawazo. Amwambie anachagua lipi. Kinyozi alitazama barabara, akatazama simu. Simu ikalia mkononi mwake wakati huohuo.

Namba hakuijua. Ilikuwa sauti ya muuguzi, ya haraka, ikimuuliza kama yeye ndiye mume. Shinikizo lilikuwa limepanda, hawakuweza kusubiri, mgonjwa ameshaingizwa. Kinyozi akauliza maswali ambayo muuguzi hakuwa na majibu yake, na laini ikakatika.

Alikumbuka kwamba alikuwa ameambiwa asimshtue mgonjwa. Hakuna aliyesema lolote kuhusu mama wa mgonjwa. Akamweleza. Mama mkwe alisikiliza akiwa ameshika ncha ya kitenge chake kwa vidole viwili. Bomba la maji lilikuwa linadondoka kwenye pipa.

"Sasa hatuna tena cha kuwahi," alisema mwishowe. "Mwache amalize gurudumu lake. Tufike tu."

Shangazi aliifunga rimu kwenye mashine, ikazunguka kwa mvumo, ikasimama, akabandika kipande cha risasi, akaizungusha tena, akapunguza, akaongeza upande wa pili. Kinyozi alitazama kila hatua kwa umakini wa mtu anayetazama ramli. Gurudumu lilipozunguka mara ya mwisho halikuonyesha dalili kwamba linazunguka. Lilionekana limesimama.

Njia iliyobaki, gari lilikwenda kama linapita juu ya mkeka. Usukani ulitulia, kiti kilitulia, chupa ya maji ilinyamaza. Na kinyozi akagundua kwamba hofu haikuwa imeondoka pamoja na mtetemo. Mtetemo ulikuwa umempa kitu kidogo cha kuogopa, kitu chenye nati na mpira, chenye fundi wake. Sasa ukimya wote ulikuwa wa ile hofu kubwa yenyewe. Akilini alimwona mkewe amelala chini ya taa kali. Alimwona halafu hakutaka kumwona. Miguu ya mama mkwe huko nyuma ilikuwa imerudi sakafuni, na baada ya muda alianza kuzungumza, mambo madogo yasiyo na kichwa wala miguu: binti yake alivyokuwa mkaidi tumboni, alivyokataa kutoka hadi mkunga akaenda nyumbani kupika akarudi. Alivyotambaa kinyumenyume mwezi mzima. Kinyozi aliitikia, na wakaendelea hivyo hadi majengo ya hospitali yakaonekana.

Kwenye ujia wa wodi kulikuwa na benchi moja, na upande wake mmoja ulikuwa umevunjika. Mkwe na mkwe wakakaa upande mzima, mkoba wa nguo katikati yao. Watu waliingia na kutoka kwenye mlango wa vioo visivyoonyesha ndani, na kila mlango ulipofunguka walinyanyuka pamoja na kukaa pamoja. Hatimaye muuguzi mmoja aliuliza nani amekuja kwa ajili ya mama aliyepasuliwa mchana. Akawaambia mtoto ni wa kike, mdogo sana, yuko kwenye chumba cha joto na anapumua mwenyewe. Wakangoja. Kuhusu mama akasema: ametoka salama, lakini shinikizo bado halijakubali kushuka, wanamwangalia. Wanaweza kumwona kwa muda mfupi, mmoja mmoja ingekuwa vizuri, lakini basi, ingieni wote, msimchoshe.

Alikuwa amelala chali, uso umevimba, midomo imekauka. Mashine pembeni yake ilijaza upepo kwenye kitambaa kilichozungushwa mkononi mwake, ikautoa, ikaandika namba ambayo kinyozi hakujua kama ni nzuri. Alifumbua macho akamwona mama yake kwanza.

"Nilikusubiri," alisema. "Mbona mmechelewa?"

Kinyozi alifungua mdomo. Mbele ya macho yake kulikuwa na nyuzi zilizokatika na ule mteremko wenye kona chini.

"Ni mimi," mama mkwe alisema. "Nilichafukwa na tumbo njiani, tukawa tunasimamasimama. Mwenzio amevumilia sana."

"Chakula cha asubuhi," kinyozi akasema. "Nilimwambia mama asile mihogo baridi."

"Akaniambia, na mimi sikumsikia."

Mgonjwa aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kwa macho mazito ya dawa. Kwa miaka yote ya ndoa yake alikuwa amekaa katikati ya watu hawa wawili akipeleka salamu huku na kuzirudisha, kama mkalimani. Pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Nyie wawili," alisema taratibu, "mmeanza lini kusaidiana uongo?"

Mama yake akamwambia alale. Akamwekea shuka vizuri begani, akaketi ukingoni mwa kitanda, na kinyozi akasimama upande wa pili. Ile mashine ikajaza upepo tena. Wote watatu wakaisubiri. Namba iliyotoka ilikuwa ndogo kidogo kuliko ya kwanza, na muuguzi aliyekuwa akipita mlangoni aliitazama, akaiandika kwenye karatasi yake, akawaambia waendelee kukaa kidogo.